Akinyi Mmoja wa Dunga

Nimechoka, lakini acha niseme mwenyewe kabla hamjasikia kwa wengine. Wiki mbili nzima nilikuwa najaribu hifadhidata mpya ya programu ambayo wauza samaki wa Dunga hutumia kuandika mzigo wao. Hii mpya hukaa ndani ya simu yenyewe, na kila rekodi huitwa kwa ufunguo wake. Mimi, mtu wa digrii, ufunguo nikaweka jina la kwanza la kila mama. Rekodi za akina mama wote zikaingia, na faili ikabaki ndogo kama omena. Nikamwambia bosi, "Hii ni moto! Ile ya zamani ilikuwa inakula nafasi bure."

Jana mimi na bosi tukawapelekea programu ufuoni. Nikatafuta Akinyi, ikatokea rekodi moja.

"Ya Akinyi yupi?" mwenyekiti wao akauliza, na wanawake tisa wakainua mikono.

Akinyi kwa Kijaluo ni msichana aliyezaliwa asubuhi, na huku kwetu asubuhi haikosi mtoto. Kila Akinyi niliyemwingiza alikuwa amemfuta wa kabla yake.

"Na wewe unaitwa nani?" mama mwenyekiti akaniuliza.

"Otieno, Mama."

Akamgeukia bosi. "Na wewe?"

"Otieno pia," bosi akasema. "Lakini wa kufutwa ni huyu."