Waridi Nililodai Nimelizalisha Mimi

Mzee mzima nimeumbuka hapa Msambweni. Alikuja bwana mmoja mtafiti wa maua na daftari, anatafuta aliyezalisha waridi letu kuukuu la kutambaa. Nikajitapa, "Ni mimi! Nililizalisha kwa mapenzi ya mke wangu." Mwanaisha, anayetunga maua yake vikuba vya kuvaa kifuani tangu harusi yetu, akatabasamu mpaka jino la mwisho, na hayakubaki mengi, anisamehe.

Bwana akafungua daftari. "Ajabu! Bi Rehema wa Matuga asema alilizalisha yeye, akampa tawi mchumba wake wa ujanani, asiye na kidole gumba cha kushoto."

Nikaficha mkono mgongoni. Nimechelewa.

Mwanaisha akachomoa kikuba kifuani, akakiweka juu ya sahani ya mihogo niliyokuwa nikila.

"Haya, mume wangu, kula cha Rehema."