Siku Niliyopeleka Urwagwa Benki

Nimechoka kuisikia habari hii ikisimuliwa vibaya, kwa hiyo leo naisimulia mwenyewe, na anayetaka kucheka acheke sasa hivi tumalizane. Wapo wanaosema nilipeleka bomu, wapo wanaosema nilikuwa nimelewa, na kuna jamaa mmoja wa Mbuba anaapa mpaka leo kwamba nilijikojolea. Sikujikojolea. Suruali ililowa, hilo nakubali, lakini kwa sababu nyingine, nanyi mtaiona mbele.

Ilikuwa miaka ile ya wakimbizi, watu wamejaa kambini kuliko sisi wenyeji wote tukijumlishwa na mbuzi wetu, magari meupe yanapita mchana kutwa na vumbi lake, na nyasi za kuezekea hazipatikani tena kwa sababu kila aliyekuja alihitaji kibanda (huwezi kumlaumu, nani alale mvuani?). Kanisa letu la kigango cha Mtakatifu Yosefu, hapa Ntobeye, lilikuwa la nyasi, na nyasi zenyewe zimeoza, padri akija kusomesha misa anasogeza altare kutafuta pasipovuja. Tukaamua tununue bati. Waumini wakachanga, aliyeuza ndizi kambini akaleta, aliyeuza maharage akaleta, na mimi Feliksi, kwa kosa la kujua kuandika vizuri, nikachaguliwa mweka hazina.

Mwanzoni fedha tuliziweka chini ya kitanda cha katekista. Halafu wakaanza kusikika majambazi wenye bunduki, katekista akasema halali tena juu ya bati za watu, tukazipeleka benki mjini Ngara, mahali ambapo tuliambiwa hakuna jambazi. Kweli, mwenye bunduki sikumwona.

Mwezi wa kwanza nikaenda na kitabu cha akiba, karani akakichukua, akaandika, akanirudishia, nikaona fedha zimepungua. Nikauliza. Akasema ni ada. Ada ya nini? Ya kutunza akaunti. Nikasema sawa, hata mchunga ng'ombe hulipwa. Mwezi uliofuata kumekatwa tena, na juu yake kuna kato jingine ambalo sikulijua. Nikauliza.

"Akaunti yenu imeshuka chini ya kiwango," karani akasema, "ikishuka tunakata."

"Lakini imeshuka kwa sababu mmekata."

"Ndiyo hivyo, mzee. Na ikishuka zaidi tunakata tena."

Alisema bila ubaya wowote, yule binti, kama mtu anayekwambia leo ni Jumanne. Nikaomba aniandikie maelezo kwenye karatasi. Akasema karatasi ya maelezo nayo ina ada yake. Nikarudi nyumbani.

Sasa nyumbani ndiko kulikoniumiza. Kila Jumapili baada ya ibada nasimama kusoma hesabu, na kila nikisoma fedha ni pungufu kuliko mwezi uliopita, na watu wananitazama viatu. (Viatu vyenyewe nilipewa na shemeji yangu aliyekuwa akifanya kazi ghala la kambini, lakini utamweleza nani?) Wanawake nao waliacha kucheka nikipita kisimani. Mke wangu Leokadia akarudi siku moja kutoka Jumuiya, akaweka kanga yake juu ya kiti, akaniuliza taratibu, "Baba Deo, niambie mimi mkeo. Umezigusa?" Ndugu zangu, nimefiwa na baba na nimefiwa na mama, lakini swali lile liliniuma mahali pake peke yake.

Mwenyekiti wa kigango, mzee Stanislaus, akaniita. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kunitazama, akasema Jumapili ijayo nilete barua ya benki yenye muhuri, inayoeleza fedha zimekwenda wapi, la sivyo kitabu nikikabidhi kwa mtu mwingine. Nikamwambia nimeshauliza mara tatu hawanisikii.

"Uliuliza na nini mkononi?"

"Na kitabu."

Akatikisa kichwa kwa huruma. "Umeenda kwa mkubwa na mdomo mkavu, halafu unashangaa hakukusikia? Mwone meneja mwenyewe. Na usiende mikono mitupu."

Kwa asiyejua, kwetu kesi haifunguliwi hivi hivi. Mwenye malalamiko huja na urwagwa, pombe yetu ya ndizi, akauweka mbele ya wazee, na mzee akishakunywa hawezi tena kukufukuza, lazima akusikilize mpaka chombo kiishe. Si hongo. Mnakunywa wote, pamoja na unayemshtaki. Nimeona kesi za mipaka ya mashamba zikiisha hivyo, watu wakirudi nyumbani wameshikana mabega. Kwa hiyo niliona mzee Stanislaus amesema neno la maana, nikajiuliza kwa nini sikuliwaza mimi. Leokadia alisema tu, "Benki? Urwagwa?" halafu akaendelea kupepeta maharage.

Nikakamua ndizi zangu mwenyewe, nikatia unga wa mtama, nikauacha uchachuke, na siku ya safari nikautia kwenye dumu la njano la lita ishirini. Dumu lilikuwa la kigango, tulikuwa tukilitumia kutekea maji ya kanisani, na ubavuni lilikuwa limeandikwa kwa rangi nyekundu, herufi kubwa, MT. YOSEFU. (Kumbukeni maandishi hayo.) Urwagwa bado ulikuwa unachemka, kwa hiyo mdomoni sikuweka kifuniko, niliweka jani la mgomba lililokunjwa, kama inavyofanywa na kila mtu mwenye akili, ili upumue.

Na hapo ndipo ulipo uamuzi wangu mdogo. Pikapu iliyokuwa ikienda mjini ilisimama, dereva akaliona jani, akasema hilo dumu litamwagikia magunia ya watu, nisipande nalo. Nikambembeleza. Akasema labda nilifunge kwa kifuniko chake, na nililipie nauli kama abiria. Nauli nzima, jamani, dumu! Lakini nimeshachoka kubishana na watu wanaotoza, nikalipa, nikatoa kifuniko mfukoni, nikafunga, nikakaza, na kwa kuwa dereva alikuwa bado ananitazama nikakaza tena.

Jua lilikuwa kali na barabara ni mashimo matupu. Tulipofika mjini dumu lilikuwa limevimba mashavu. Niliona. Nikasema nitalilegeza nikifika mbele ya meneja, maana nikilifungua njiani harufu itatangulia kabla yangu.

Benki ilijaa. Madereva wa magari meupe, makarani wa kambini, wafanyabiashara wa Biharamulo na mikoba yao, watu hata mlangoni. Karani akaniambia nimsubiri meneja, nikaketi kwenye benchi chini ya dirisha, nikalisukuma dumu nyuma ya miguu yangu, jua la dirishani likilipiga vizuri kabisa. Nikaanza kuyapanga maneno yangu. Mheshimiwa meneja, sisi ni watu wadogo. Hapana. Mheshimiwa meneja, kanisa letu linavuja. Nilikuwa nimefika hapo.

Mlio wenyewe siwezi kuusimulia vizuri. Ulikuwa mmoja, mkavu, na ndani ya chumba chenye dari ya bati ulitosha. Mjue ilikuwa miaka gani: kila mtu mle ndani alikuwa ameshasikia bunduki au amelala nyumba moja na mtu aliyeikimbia. Hakuna aliyeuliza. Ukumbi mzima ulilala chini kwa pamoja, mikoba ikaruka, vitabu vikaruka, askari wa mlangoni naye yuko chini na bunduki yake anapiga kelele "Laleni! Laleni!" na sisi tumeshalala zamani. Mimi pia nililala, msinicheke, nililala wa kwanza. Nikasema Yesu na Maria, majambazi wamekuja, na bati zetu ndizo hizo zinakwenda.

Halafu nikasikia maji ya uvuguvugu yanatiririka shingoni, yanashuka mgongoni mpaka kiunoni. Nikasema nimepigwa. Nikawaza Leokadia, nikawaza kwamba nitazikwa watu wakiamini mimi ni mwizi, na nawaambia kweli, hilo la pili ndilo lililonitoa machozi. Tone likateremka likaingia mdomoni. Nikalilamba.

Ulikuwa urwagwa. Na ulikuwa umeiva vizuri.

Hapo ndipo nilipotamani iwe damu.

Harufu ikaenea, watu wakaanza kuinua vichwa kimoja kimoja. Dumu lilikuwa linaendelea kutema povu kama mgonjwa wa kifafa, kifuniko kimegonga dari kikaangukia upande wa makarani, daftari kubwa la hesabu linachuruzika. Meneja akatoka ofisini kwake na shati jeupe, akapita mbele ya dumu ili aone ni nini, na dumu likampa sehemu yake.

"Nani ameleta kitu hiki?"

Nilikuwa bado nimelala kifudifudi, nikaona afadhali niendelee. Meneja akainama, akaligeuza dumu kwa ncha ya kiatu, akasoma kwa sauti: "Mtakatifu Yosefu." Akatazama ukumbi. "Nani hapa ni wa Mtakatifu Yosefu?"

Nikanyoosha mkono nikiwa palepale sakafuni.

Askari alinifikia kwanza, na kwa sababu alikuwa amelala mbele ya watu alikuwa na hasira ya mtu mzima. Akaniinua kwa kola, nikaomba radhi, akasikia lafudhi yangu, akasema, "Wewe mkimbizi! Kitambulisho!" Maana sisi Wahangaza na ndugu zetu wa ng'ambo ya mpaka lugha zinakaribiana, na askari wote wanatoka mbali. Nikapapasa mfuko, nikatoa stakabadhi ya kodi ya maendeleo, imelowa tepetepe. Miaka yote niliyolipa kodi ile, ndiyo siku pekee iliyonifaa kitu.

"Kwa hiyo ulikuja kunihonga," meneja akasema, akikamua mkono wa shati.

"Hapana, mzee, si hongo. Ni wa kufungulia maneno. Tungekunywa wote, na karani pia."

Ukumbi ukaanza kucheka kwa kujificha. Basi bibi mmoja, simjui, mtu wa vijiji vyetu, amekaa chini bado anapangusa uso kwa kitenge, akainua sauti: "Meneja, huyu si mhalifu. Ni mjinga tu. Urwagwa unachemka, mwanaume mzima anaukaza kifuniko! Wewe baba, kwenu hakuna migomba? Hata mkeo hakukwambia?" Hapo hawakujificha tena. Hata askari alicheka. Nilivua koti langu, lile la Jumapili, nikapiga magoti, nikaanza kupangusa sakafu ya benki, na watu wakiruka mikono yangu kwenda dirishani kuchukua fedha zao.

Nilipomaliza meneja aliniita ofisini. Akakaa, nikabaki nimesimama maana nilikuwa nanata. Akasikiliza habari ya bati, ya nyasi, ya Jumapili, ya swali la mke wangu. Akafungua kitabu chetu, akafuata mistari kwa kidole mpaka chini.

"Makato haya siyapangi mimi," akasema mwishowe. "Yanatoka juu. Hata mshahara wangu wanaukatia hapahapa." Nikamtazama usoni, nikaona naye amechoka. "Kurudisha siwezi. Barua nitakuandikia." Akaandika kila kato na jina lake, akagonga muhuri. Halafu akainua macho kwa aibu kidogo, akasema barua ina ada.

Dereva wa kurudi alilitoza lile dumu tupu nauli nzima. Sikubishana.

Jumapili habari ilikuwa imeshafika, nadhani ilipanda gari jingine. Baada ya ibada nikasimama, nikamkabidhi mzee Stanislaus barua na kitabu, akavaa miwani akasoma kwa sauti. Ada ya kutunza akaunti. Ada ya kushuka chini ya kiwango. Tena kushuka. Tena. Ada ya barua. Watu wakawa wanaguna, na mguno ule haukuwa wa kunielekea mimi, niliusikia mgongoni kama mzigo unashushwa. Halafu akafika mstari wa mwisho kwenye kitabu, akasogeza miwani.

"Na hii? Usafi wa ukumbi?"

Ikabidi nisimulie. Yote, mpaka ya kulamba. Kanisa lilicheka mpaka katekista akashika nguzo, na Leokadia alicheka amejifunika uso na kanga, mabega yanatikisika, ndiyo mara ya kwanza kumwona akicheka tangu mavuno. Mzee mmoja wa nyuma akasema, "Mwachieni kitabu chake. Mtu anayeiba bati halali chini kwa ajili yake." Ikaisha hivyo. Mzee Stanislaus, aliyenituma na urwagwa, alikuwa anatazama mvua dirishani na hakusema lolote kuhusu aliyetoa ushauri.

Tuliamua kutoa fedha zote zilizobaki (kufunga akaunti nako kuna ada, msiniulize), tukanunua bati zilizotosha upande mmoja. Upande wa pili ni nyasi mpaka leo, na mvua ikinyesha wote tunahamia upande wa wanaume.

Sitapeleka tena urwagwa kwa mkubwa asiyejua kuketi chini na kunywa na watu, na kifuniko sikazi tena hata dereva aninunie. Ila fedha za usafi wa ukumbi nilizirudisha kigangoni kutoka mfukoni mwangu, siku ileile, mbele ya watu wote. Mzee akaniuliza kwa nini, ilhali makato mengine yote hawakunidai. Nikamwambia katika makato yote ya kitabu kile, hilo peke yake ndilo nililoona kazi yake.