Kondakta aliyenicheka ndiye kanitetea

Jumamosi, siku ya nne tangu niondoke Tunduru kwa baiskeli, peke yangu.

Leo nimeitwa mwongo mbele za watu.

Nimeingia Songea mchana, nikaomba pampu kwa fundi baiskeli.
"Unatoka wapi, mjomba?"
"Tunduru."
Kijiwe kizima kikacheka. "Na chuma chakavu hiki? Mwongo!"

Mimi kibarua wa zege, kwetu Singida. Nani huku angenitetea?

Mara basi la Tunduru likasimama kushusha abiria. Kondakta wake juzi alinipita mlimani akinicheka: "Panda, utafia njiani."

Akaniona. "We jamaa, umefika kweli toka Tunduru?"



Fundi akaninyang'anya pampu, akajaza upepo mwenyewe, matairi yote mawili.

Jumatano nitakuwa Tunduru kazini, kwa chuma hiki hiki. Nani mwingine anabisha?