Sungura Mlevi wa Fundi Arakida

Wewe umewahi kuombwa urudie aibu yako, tena uirudie vizuri?

Tokuji Arakida aliombwa hivyo Jumanne moja ya mvua za Juni, ameketi kando ya mtambo wake wa chapa huko Adachi, kaskazini mwa Tokyo, anakunywa chai ya shayiri. Alikuwa na miaka sabini na moja. Kazi zilizobaki zilikuwa kadi za majina na matangazo ya madaktari wa meno. Aliyemwomba ni msichana wa miaka ishirini na mitano, Konoha Iwase, mfanyakazi wa Hoshimame, kampuni iliyowauzia watoto wa miaka ya tisini stika, madaftari na vifutio vyenye harufu ya matunda. Watoto wale sasa ni watu wazima, na Hoshimame imegundua kwamba mtu mzima akionyeshwa utoto wake hulainika, na akilainika hufungua pochi. Ndiyo maana rangi ile kali ya waridi na kijani kile cha soda ya tikiti vimerudi kila mahali, kwenye mifuko, kwenye soksi, hadi kwenye makopo ya kahawa.

Konoha aliinama, akatoa karatasi ya stika iliyohifadhiwa ndani ya plastiki, akaiweka mezani kwa mikono miwili. Ilikuwa na sungura ishirini, kila mmoja na glasi yake ya soda. Wekundu wa mashavu ulikuwa umehama ukavuka mstari, unene wa ukucha hivi, kiasi kwamba sungura wote walionekana wamelewa.

"Wakusanyaji wanaiita Sungura Mlevi," alisema. "Zinazojulikana ni kumi na mbili tu nchi nzima. Fundi, tunakuomba utuchapie upya kwa mtambo huuhuu, na wekundu uhame vilevile. Kompyuta imetushinda. Inahamisha zote sawasawa, mtu anajua tu kuwa ni za uongo."

Arakida hakuigusa ile karatasi. "Umeitoa wapi?"

"Kwa mkusanyaji mmoja wa Nagoya."

"Na yeye aliitoa wapi?"

"Hapo sijui, Fundi. Kwani kuna tatizo?"

"Karatasi hii haipo duniani," alisema Arakida.

Msichana alicheka, akidhani ni utani wa kizee. Haukuwa utani. Katika karakana za chapa, karatasi iliyoharibika haitupwi hivihivi. Inahesabiwa, inakatwa vipande vinne mbele ya macho ya mteja, kisha mwenye karakana anagonga muhuri wake kwenye hati inayosema hakuna hata moja iliyobaki. Mwaka 1992 Arakida alikuwa na haraka. Hakuiacha karatasi ipumzike siku nzima ndani ya chumba izoee unyevu wake, akaipandisha mtamboni ikiwa imetoka kwenye lori. Ikavimba katikati ya kazi, na mashavu ya sungura wa karatasi zote mia sita yakahama. Mkaguzi wa Hoshimame, Bwana Minobe, alikuja na saa yake mkononi. Arakida akaweka paji la uso sakafuni. Karatasi zikakatwa. Muhuri ukagongwa.

Kilichookoa jina lake siku ile ni muhuri huo tu. Miaka thelathini na zaidi wateja walisema Arakida akigonga, usihesabu tena. Sasa msichana huyu anamwekea mezani kitu ambacho muhuri wake uliapa kuwa hakipo. Na anapiga picha! Picha ya mtambo, picha ya ukuta, picha ya mikono yake. Nani kamtuma? Pengine wakubwa wa Hoshimame wameshajua, wanataka achape tena kwa mikono yake mwenyewe, ionekane kumbe ni yeye aliyekuwa anazitunza pembeni.

"Niachie nifikiri, binti," alisema. Konoha aliacha boksi la vitumbua vya maharage matamu. Arakida alilisukuma mbali kwa fimbo ya mwavuli.

Alimpigia simu Gonda, aliyekuwa akiendesha mashine ya kukatia.

"Gonda, wewe ndiye uliyekata wale sungura."

"Bosi, miaka yote hii hujanipigia, leo unaniuliza sungura? Hata salamu hakuna?"

"Hujambo. Ulikata zote?"

"Nilikata nilizopewa."

"Hukuiba?"

"Mimi niliiba pombe yako ya mchele kabatini, tena ilikuwa mbovu. Stika za sungura ningezipeleka wapi, nikambandike mke wangu?" Gonda alikohoa, kisha akaacha mzaha. "Ila rundo lilikuwa limepungua, Bosi. Nilikuambia asubuhi ile. Ukaniambia nifunge mdomo, Minobe yuko mlangoni."

Arakida alikata simu. Hilo alikuwa amelisahau, au amejisahaulisha. Ufunguo wa karakana wakati ule ulikuwa na watu wawili. Mmoja ni yeye.

Jioni alikaa mezani akimtazama mkewe Mitsue akikata matango, kama anavyotazamwa mtu aliyepanda basi bila tiketi.

"Mama," alianza, "mwaka ule wa sungura..."

"Thelathini na sita," alisema Mitsue bila kugeuka.

"Nini?"

"Nilichukua karatasi thelathini na sita. Darasa la binti yetu Fumino lilikuwa na wasichana kumi na wanane. Kila mmoja mbili, ya kubandika na ya kubadilishana."

Arakida aliweka vijiti vyake chini.

"Usinikodolee macho, Baba. Mtoto wa mchapaji stika, albamu yake tupu! Wenzake wakibadilishana yeye anakwangua ukuta. Ulikataza hata moja isiingie humu ndani. Ulichotuletea ni wino kwenye kucha."

"Niligonga muhuri!"

"Uligonga. Mimi sikukuomba ugonge."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungepita nyumba kwa nyumba ukiwapokonya watoto. Haya sema, ungefanya nini?"

Hicho ndicho hasa angekifanya. Alikula matango yake yote akitazama ukuta. Alipoinuka alikuwa ameamua. Hoshimame walikuwa na maonyesho yao wiki hiyo, kwenye duka kubwa lililo juu ya stesheni. Angekwenda kuwaambia kwamba muhuri wake ulisema uongo.

"Utamwambia nani?" Mitsue aliuliza. "Minobe alishakufa."

"Nitamwambia atakayekuwepo."

Asubuhi alivaa suti yake nyeusi, akapanda hadi ghorofa ya saba. Foleni ilikuwa ya wanawake wa miaka arobaini na kitu, wengine na mabinti zao. Hatua kwa hatua ilimfikisha kwenye kabati la kioo. Ndani yake, juu ya kitambaa, chini ya taa, walikuwa sungura wake. Kando yao kulikuwa na kadi. Aliisoma mara mbili. Wekundu unaovuka mstari ni ubunifu wa kijasiri wa timu yetu, uliofanywa kwa makusudi mwaka 1992, kwa idadi ndogo.

Alitafuta jina lake, hata liwe la kulaumiwa. Halikuwepo. Walimsujudisha kwa kosa lile, na sasa walikuwa wamelichukua hata kosa lenyewe.

Kabla hajafungua mdomo, mwanamke aliyekuwa mbele yake alimwita mhudumu. "Dada, njoo. Hii kadi inadanganya."

"Makao makuu ndio walioandika, mama."

"Makao makuu hawakusoma darasa letu. Hizi alitugawia mama yake Fumino, mlangoni kwake, kila mtu mbili. Alituambia zimekosewa, tusimwambie mumewe."

"Na mimi!" sauti ikatoka nyuma kwenye foleni. "Zangu nilibandika kwenye friji, nikachapwa!"

Watu walicheka. Mmoja akauliza, "Huyo mchapaji mwenyewe ni nani?" Wanawake walitazamana. Hakuna aliyejua.

"Ni Arakida," alisema mzee. "Mimi ndiye niliyezikosea. Nikagonga muhuri kuwa zimekwisha, na hazikuwa zimekwisha." Akainama sana, mikono mapajani, kama alivyomwinamia Minobe.

Alipoinua kichwa, mwanamke wa mbele alikuwa ameinama naye, na wa nyuma yake, na foleni nzima hadi kwenye ngazi za umeme. Nyuma yao mhudumu alikuwa ameshatoa ufunguo, akafungua kioo, akaichomoa ile kadi na kuiingiza mfukoni.

"Unaipeleka wapi hiyo?" Arakida aliuliza.

"Makao makuu, kabla mtu hajaipiga picha," alisema mhudumu. Aliufuata mlango wa wafanyakazi kwa hatua za haraka, na mlango ukajifunga nyuma yake.