Gari la Baba Mdogo Lilivyopandishwa

Baba mdogo alinunua pikapu kuukuu msimu mmoja kahawa ilipopata bei, akanipa udreva kwa kuwa magari nilijifunza jeshini wakati wa vita. Lilikuwa gari zima kabisa. Lakini alikuwa ameliona gari la Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, lilivyo refu kwenda juu, likipita Hamugembe watu wakilipisha njia, na tangu hapo la kwake likamtia aibu.

Nilikwenda Ijuganyondo msibani. Niliporudi nikakuta limeshapandishwa, tena na seremala. Alikuwa amechomeka vipande vya mbao kati ya springi na ekseli, mbele na nyuma, akavifunga kwa boliti ndefu. Nililala chini nikatazama. Mbao zilikuwa mbichi, bado zinatoka utomvu. Jeki aliiegemeza kwenye fimbo ya chuma inayoshikanisha magurudumu ya mbele. Fimbo ikapinda, magurudumu yakatazama nje, moja huku jingine kule, kama miguu ya bata.

"Waitu," nikamwambia baba mdogo kwa heshima, "gari hili litaua mtu."

"Limependeza," akajibu. "Wewe una wivu tu."

Tukaliendesha hivyo hivyo. Matairi yalilika upande wa ndani mpaka nyuzi zikachungulia, na kila tulipopumzika harufu ya mpira ulioungua ilitufuata. Ukikata kona, usukani haukurudi wenyewe; ulipaswa kuuvuta kama unavuta fahali asiyetaka zizi.

Siku moja tulikuwa tukitoka Muleba na matenga ya samaki waliovushwa kutoka kisiwa cha Goziba. Juu ya matenga walikaa wanawake wa ukoo wetu waliotoka harusini, pamoja na bibi, mama yake mzazi baba mdogo. Baba mdogo alikuwa ananuka lubisi, pombe yetu ya ndizi. Akaning'ang'ania nimpishe kwenye usukani ili watu wa sokoni mbele wamwone. Gari ni lake, nikampisha. Kwenye mteremko wa kwanza akakata kona, magurudumu yakakataa kurudi, tukatumbukia mtaroni.

Matenga yaliwamwagikia wanawake. Bibi alilala kwenye tope, utelezi wa samaki umemjaa nywele na shingo, mkono ameukunjia tumboni. Baba mdogo alishuka, akampita mama yake kama anapita gogo, akainama kufuta mbele ya gari kwa kiganja.

"Rangi haijachubuka," akasema, akicheka kwa raha.

Mimi ndiye niliyemwinua bibi. Kifundo cha mkono kilikuwa kimevimba. Alimtazama mwanawe, akatema mate pembeni. Hata leo uso ule wa baba mdogo ukinijia, ninaacha chakula.

Nilimwambia sitagusa usukani mpaka nilitengeneze mwenyewe. Alitaka libaki refu. Sawa, nikasema, lakini si kwa mbao. Mhunzi alitufulia vipande vya chuma, na kabari nyembamba za kulaza ekseli irudi ilivyokuwa, maana bila hizo usukani haurudi baada ya kona. Fimbo iliyopinda tuliinyoosha kwa moto. Kisha nikainua magurudumu ya mbele, nikayazungusha nikiyachora mstari wa chaki katikati, nikayashusha, tukalisukuma gari kidogo lijikalie. Nikapima kwa ufito kati ya mistari, mbele na nyuma ya magurudumu, nikazungusha fimbo, nikapima tena, mpaka mbele pakawa pembamba kidogo kuliko nyuma. Baba mdogo alikaa kwenye gunia akila karanga, akiuliza kama urefu haujapungua. Maganda alinitemea karibu na kichwa.

Tulipolijaribu, gari lilikwenda limenyooka kama maji kwenye mfereji. Kwenye kona usukani ulijirudia wenyewe viganjani mwangu. Kwa muda mfupi nilifurahi kweli.

Kesho yake akaliendesha mpaka sokoni, mimi pembeni. Katikati ya watu akaachia usukani, akainua mikono yote miwili.

"Mnaona?" akapaza sauti. "Nimelinyoosha mwenyewe!"

Nikamwambia asimame. Akasimama, akidhani nataka kusifu. Nikashuka, nikaenda kwa bibi kumkanda mkono kwa maji ya moto, na udreva wake nikauacha siku hiyo hiyo.