Masikio ya Mchezaji wa Raga

Nisamehe mwandiko na makosa ya herufi. Kiswahili nilikisoma shule ya msingi tu, kabla hatujahamia Houston. Juzi nilisikia mchezaji mmoja wa raga kutoka Ireland, niliyekutana naye utotoni, amestaafu, aibu ikanirudia.

Alasiri moja alikuja kutufundisha raga watoto wa kanisa letu, mtaa wa Alief hapa Houston. Alinuka nyasi na dawa ya kuchua, na masikio yake yalikuwa yamevimba, yamekunjamana.

“Mpe anko mkono,” mama akaniambia.

Nikaficha mikono mgongoni. “Mama, ana ugonjwa! Ataniambukiza!”

Wenzangu nao wakarudi nyuma. Akashusha mkono wake, akavuta kofia ya sufu ikafunika masikio, na joto lote lile.

Sasa najua yalivimba kwa kugongwa miaka mingi uwanjani. Nataka kumwandikia kumwomba radhi, ila sentensi ya kwanza inanishinda. Wewe ungeanzaje? Niandikie.