Alipokataa Kisu cha Kimeo

Bertilla aliolewa katika nyumba ya mkata vimeo. Mkwewe, mzee Leonardi, alijulikana vijiji vyote vya upande wa Kate. Mtoto akikohoa bila kukoma, akitapika maziwa, akikonda, alipelekwa kwake. Mzee alimpanua kinywa, akakitazama kile kinyama kinachoning'inia kooni, kisha akakikata kwa kisu chake kilichopinda. Wengi walipona, au pengine wangepona hata bila kisu. Wasiopona, ilisemwa wamecheleweshwa.

Vita vya Hitla vilikuwa vimekwisha miaka michache tu nyuma. Kalisti, mume wa Bertilla, alikuwa Rodesia ya Kaskazini kwenye machimbo ya shaba. Nyumbani Bertilla alibaki na mwanawe Flavian, aliyekuwa ndiyo kwanza anaanza kuunganisha maneno. Waliishi pamoja na wifi yake Cornelia, mjane aliyerudi kwa baba yake mzee Leonardi na binti yake mdogo, Silvana. Watoto hao wawili walikula sahani moja na kulala mkeka mmoja.

Ilikuwa kipupwe, ulezi unavunwa, Flavian alipokataa uji. Bertilla alidhani ni deko. Kesho yake mate yalikuwa yanamtiririka kidevuni, maana kumeza kulimshinda. Sauti ilikauka; alipolia, machozi yalitoka lakini kilio hakikusikika. Mwili haukuwa na ule moto wa malaria, ila shingo ilivimba pande zote mbili, na pumzi yake ilinuka uvundo. Uvundo ule ndio uliomtia mama yake hofu. Alimpeleka mlangoni penye jua, akamkandamiza ulimi kwa mpini wa kijiko. Kooni aliona utando wa kijivu, umeganda kama ukoko wa uji chunguni. Alijaribu kuufuta kwa kitambaa. Haukubanduka, palichuruzika damu.

Mzee Leonardi alikuja, naye akatazama.

"Kimeo kimeshuka," alisema. "Nikikikata leo, kesho atakula."

"Baba, mimi naona si kimeo. Kuna kitu kimeota pembeni."

"Mama Flavi, nimetazama makoo hujazaliwa."

Hakusema kwa ukali. Alimpenda mjukuu wake, naye akakaa kunoa kisu. Mke wa mtu habishani na baba mkwe, naye hakuwahi kumpinga mzee hata kwa jambo la kuku. Alipiga magoti.

"Baba, unisamehe. Huyu simtoi."

Alimfunga mtoto mgongoni, akashika njia ya Kate. Mzee hakumzuia. Aliyesema ni Cornelia: "Umemwaibisha baba yangu nyumbani kwake." Silvana alikuwa amesimama kando ya mama yake, kamasi zinamtoka, akimpungia mwenzake mkono. Bertilla aliziona zile kamasi. Ni baridi, alijiambia.

Njiani, kwenye kila mlima mtoto alipiga mluzi akivuta pumzi. Bertilla akamhamishia kifuani, kichwa kikiwa juu, kwa sababu hivyo alipumua kwa nafuu.

"Tumsifu Yesu Kristo," alisema alipofika kwenye zahanati ya misheni.

"Milele amina," sista muuguzi aliitikia, akamfungua mtoto kinywa mara moja tu, kisha akawaomba wagonjwa wengine watoke nje.

"Hii ni dondakoo, mama. Utando huu ukishuka utamziba. Sindano yake iko Sumbawanga. Nani analala naye?"

"Mtoto wa wifi yangu."

"Hajambo?"

"Ana mafua tu, Sista."

"Namtuma mtu akamlete leo hii."

Bashiri, mfanyabiashara wa mjini, alikuwa na lori lake pale Kate likipakia mahindi. Alipoambiwa, alisimamisha upakiaji. "Kaa mbele na mtoto, dada," alimwambia Bertilla, na mwenyewe akapanda juu ya magunia.

Hospitalini Sumbawanga Flavian alipigwa sindano. Utando ulianza kubanduka pole pole, lakini kupona hakukuwa kwepesi. Maziwa aliyokunywa yalimrudia puani, na mganga alikataza asikimbie wala asichezeshwe, kwa kuwa ugonjwa ule hugusa na moyo. Wiki zikapita Bertilla akimshikilia kitandani.

Huko huko ndiko habari zilikomkuta. Alasiri ya siku ile aliyoondoka, Silvana naye alikataa chakula, na mzee alimkata kimeo. Mjumbe wa Sista alifika jua linatua, akakuta kisu kimeshapita. Wakasema wangoje kuche wampeleke Kate. Kukakucha yeye hayupo.

Bertilla aliporudi, kaburi la Silvana lilikuwa limeshaota majani. Cornelia alikuwa akipeta ulezi, na hakuinuka kumpokea.

"Wa kwako ulimmulika koo," alisema bila kuacha kupeta. "Wa kwangu alisimama mbele yako."

"Nilidhani ni mafua, wifi."

"Na mimi nilidhani ni kimeo."

Mzee Leonardi alikaa ndani siku hiyo. Hakukata tena kimeo cha mtoto yeyote. Waliomletea watoto aliwaambia macho yake yamepungua nuru. Mjukuu wake alipomkimbilia, alimpakata akitazama pembeni. Cornelia aliolewa tena huko Msanzi, na siku ya kuondoka aliaga kila mtu isipokuwa wifi yake.

Bertilla alibaki na tabia moja ambayo majirani waliicheka. Mtoto yeyote akikataa uji, alimpeleka mlangoni penye jua akamtazama koo. Akiona wekundu mtupu, alimshauri mama wa mtoto asikawie kumwona sista. Akiona cheupe au kijivu, au mate yakitiririka na pumzi ikipiga mluzi, hakungoja mtu amalize kupika. Alimbeba mtoto yeye mwenyewe, hata kama si wa ukoo wake, akatangulia njia ya Kate. Na kila mara alimgeukia mama aliyemfuata nyuma, akamwambia, "Na wale wanaolala naye, wachukue waje wote. Hata mwenye mafua."